Mwisho Ambao Haukuwa Kitabuni

Wachuma chai wa Shinyalu wana malalamiko mengi juu ya lori la kubeba majani, na karibu yote ni ya haki. Linachelewa, linakwama kwenye matope kama ng'ombe mzee, na dereva wake akifika huwatazama watu kana kwamba wao ndio waliomchelewesha. Lakini ukweli usemwe. Kama lori lile lingefika kwa wakati miaka ile ya tisini, Selpher Khavere asingejulikana na yeyote isipokuwa kuku wake. Ni kuchelewa kwa lori kulikomfanya awe mtu ambaye hadi leo akina mama wakimtaja huweka mkono kifuani na kutabasamu.

Selpher alizaliwa hapo hapo, akaolewa mbali, upande wa Likuyani, kwenye mashamba makubwa ya mahindi yaliyokuwa ya Wazungu. Mumewe alikuwa nyapara. Mzungu wa mwisho alipofunga safari ya kwao aliacha sanduku la vitabu, na nyumba ile ikawa na mzozo mdogo: mume alitaka sanduku, mke akataka vitabu. Kila mmoja alipata chake. Vilikuwa vitabu vya upelelezi vitupu, vya watu waliouawa katika nyumba kubwa na wapelelezi wanaowakamata wauaji kwa kufikiri tu, bila kumchapa mtu hata kofi. Selpher, aliyekuwa amefika darasa la nane na Kiingereza chake mkononi, alivisoma vyote, akavirudia, na mume alipofariki alirudi nyumbani kwao Shinyalu akiwa na kuku, masufuria na vitabu vile vimefungwa kwa leso.

Kaka yake alimpa nyumba ndogo na mistari kadhaa ya chai. Basi kuanzia siku hiyo kila mtu akamwita Senje, hata wanaume wenye mvi, maana senje ni shangazi, na shangazi aliyerudi nyumbani kwa baba yake si mtu wa kuchezewa. Ana kiti chake katika kila kikao cha ukoo, na akikohoa wanaume hunyamaza. Selpher hakupenda kukohoa ovyo. Aliweka kikohozi chake akiba.

Pale kituo cha chai, karani akishapima majani, hakuna la kufanya ila kungoja lori. Ndipo Selpher alipoanza, siku moja ya mvua, kumsimulia jirani yake kisa cha daktari aliyekutwa amekufa ndani ya gari lake, na alipoinua macho aliona kituo kizima kimemzunguka. Tangu hapo akawa na kazi. Alisimulia kitabu kimoja kwa majuma, kipande kwa kipande, na honi ya lori ikilia kwenye kona ya chini alinyamaza papo hapo, hata kama neno lilikuwa nusu mdomoni. Watu walimtukana dereva kwa kuchelewa, halafu wakamtukana kwa kufika.

Sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakuongeza chumvi. Majina ya Kizungu aliyaacha kwa kuwa yanavunja meno, akawaita watu kwa kazi zao, Jaji, Mpishi, Inspekta, lakini hiyo ndiyo ruhusa pekee aliyojipa. Mwisho wa kitabu ulikuwa mwisho wa kitabu. Wapo waliomlilia abadilishe. Kuna kisa ambacho mpelelezi alimwachilia mwuaji aende zake kwa sababu aliyeuawa alikuwa mtu mbaya, na akina mama walikasirika hadi mmoja akabeba kikapu chake akaenda kuketi peke yake.

"Mimi ni mdomo tu," Selpher aliwaambia. "Mwenye kitabu ndiye aliyeamua. Mkiwa na kesi, mtafuteni yeye."

Na walikubali, kwa sababu walijua ndivyo alivyo. Katika mahali ambapo kila habari ikivuka kijito kimoja inaota mkia na pembe, mtu anayekupa jambo kama lilivyo ni kitu cha kuthamini.

Mwaka ule wa tisini na nne, mvua ndefu ziliponyesha na barabara ikawa uji, Selpher alikuwa anasimulia kitabu alichokipenda kuliko vyote. Jaji mstaafu, mkali, amekutwa amekufa kitini, kikombe cha maziwa kando yake. Nyumbani mna mtoto wake wa kiume, dada yake, mpishi, na mama mmoja mtunza nyumba mwenye funguo zote. Inspekta ni mzee mpole mwenye koti refu na pafu bovu, anayehoji watu kwa upole mpaka wanajisikia vibaya kumdanganya. Kisa kilipofika pale Inspekta anapowaita watu wote wa nyumba waketi sebuleni, ili aeleze Jaji alikufaje, Rosebella, mchumaji mwenye sauti kuliko wote pale kituoni, alinyoosha mkono.

"Senje, ngoja kwanza. Hao wameshanyolewa?"

"Kunyolewa nini?"

"Si unasema wamezika? Si unasema wameketi wote, na mtu anataka kusema marehemu alikufa namna gani? Hiyo ni siku ya kunyoa. Sasa nauliza, wamenyolewa ama bado?"

Kituo kizima kiliitikia kwamba swali ni zuri. Maana kwao, siku chache baada ya mazishi, watu wa nyumba hukaa pamoja, wakanyolewa nywele, na hapo mbele ya wote husemwa marehemu aliugua nini, alimdai nani, nani alimkosea na yeye alimkosea nani. Mwenye neno hulisema siku hiyo. Likishasemwa likasikika, ukoo hulipima, anayelipa akalipa, na watu wakala pamoja. Anayelificha siku hiyo akaja kulitoa baadaye huonekana mchawi.

"Wazungu hawanyoi," Selpher alisema.

"Hawanyoi!" Rosebella alishangaa. "Sasa hayo maneno wanayasemanga wapi?"

Selpher alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya leso. Hakuweza kuwatoa katika wazo hilo. Kuanzia siku ile nusu ya kituo iliamini kwamba katika lile koti refu la Inspekta mlikuwa na wembe.

Honi ililia. Sebule ya Jaji ikabaki imejaa watu walioketi wakingoja, na ikakaa hivyo hivyo kwa siku kadhaa, kwa sababu kabla ya kisa kuendelea, Serikali alikufa.

Serikali alikuwa fahali wa Phanuel, binamu yake Selpher, mwenye boma upande wa pili wa kijito. Phanuel alimpa jina hilo kwa kuwa, alisema, hakuna anayemwuliza swali. Alikuwa fahali wa kupigana, mweusi, mwenye shingo pana kama mlango wa kanisa, na Jumamosi alipopelekwa uwanjani watu walimfuata na ngoma za isukuti wakiimba jina lake. Phanuel alimpenda kupita kiasi. Mahindi ya nyumba yalimwendea Serikali kwanza, watoto baadaye. Ndizi zilizoiva, Serikali. Kama kuna mtu aliyekuwa amechoka na fahali yule, ni Alice, mke wa Phanuel, aliyesonga obusuma, ugali wa nyumba, kila jioni akihesabu macho ya watoto na kuona sufuria haitoshi. Lakini Alice alikuwa mtu wa kunyamaza. Alitoka mbali, karibu na Ekero, kwenye miwa, na tangu aolewe hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mtu yeyote wa ukoo ule.

Asubuhi moja, juma moja kabla ya pambano kubwa, Serikali alikutwa amelala kwenye zizi, povu mdomoni, tumbo limefura. Kufikia jua la mchana alikuwa amekufa. Phanuel alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya watoto wake, na alipomaliza kulia alimgeukia Barasa.

Barasa ndiye aliyemtunza fahali. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyetoka upande wa Likuyani, na kwa miaka mingi alilala katika kibanda kilichogusana na zizi, akamkanda Serikali misuli, akamwimbia. Sasa Phanuel akasema amenunuliwa na wenye fahali mwingine. Hakukuwa na ushahidi wowote isipokuwa kwamba Barasa ndiye aliyekuwa karibu, na hakuwa wa ukoo. Wazee wakaitisha kikao Jumamosi ile ile ambayo Serikali angepigana. Barasa angeapishwa, kisha afukuzwe, na mtunza fahali aliyefukuzwa kwa sumu hatapata zizi jingine kutoka hapo mpaka Uganda. Barasa hakutoroka. Aliketi mlangoni pa kibanda chake akakataa kula.

Jumatatu watu walirudi kituoni, maana chai haijui msiba. Alice naye alikuja, akaweka kikapu chake nyuma ya wengine kama kawaida. Karani wa kituo, Clifford, kijana msafi aliyependa kukunja mikono ya shati ionekane saa, alikuwa ametoka Kakamega mjini na furaha tele.

"Senje, nimeona hiyo story yako!" alisema kabla hata ya kupima majani. "Iko kwa video. Jaji, maziwa, yule inspekta wa kukohoa, wote. Hata nyumba ni kubwa kuliko unavyosema."

"Clifford, funga mdomo," Selpher alimwambia.

"Ni yule mama wa funguo! Jaji alikuwa amemfunga msichana wa huyo mama jela na huko msichana akafia. Na mwisho polisi wanakuja wanampiga pingu, halafu unaona kamba. Wanamnyonga. Watu pale ndani walipiga makofi!"

Kelele zilizozuka hapo zingeweza kuita mvua. Wengine walimrukia Clifford kwa kuwaharibia kisa, wengine walitaka kujua kamba ilikuwa nene kiasi gani. Rosebella alisema kunyongwa ni sawa, mtu ni mtu hata akiwa jaji. Mwingine akasema, na msichana aliyefia jela je, yeye si mtu? Wakaanza kubishana kama wako mahakamani.

Selpher alikuwa amekasirika kweli kweli. Kilichomuudhi zaidi ya kuharibiwa kisa ni ile kamba. "Kitabuni hakuna kamba," alisema. "Hao wa video wameitia wenyewe ili watu wapige makofi."

"Sasa kitabuni iko aje?" waliuliza wote kwa pamoja.

Kwenye kona ya chini honi ikalia, na Selpher, kwa mazoea, akanyamaza.

Jioni alipokuwa akirudi kwa njia ya miguu, alisikia hatua nyuma yake. Alikuwa Alice, kikapu kitupu mgongoni.

"Wifi," Alice alisema. Ilikuwa nadra aanze maneno. "Huyo mama wa funguo. Kitabuni wanamfanya nini?"

"Utasikia na wenzako, mke wa kaka yangu."

"Si wanamnyonga?"

"Hawamnyongi."

Alice alitembea kidogo akitazama miguu yake. "Na akisema mwenyewe? Kabla hajaulizwa. Wanamfanyaje mtu akisema mwenyewe?"

Selpher akapunguza mwendo. Katika miaka yote ya kusimulia alikuwa ameulizwa maswali ya kila aina, na yote, kabla ya Clifford na video yake na hata baada yake, yalikuwa ndugu wa swali moja: ni nani? Watu wanataka kujua ni nani. Alice hakuuliza ni nani. Aliuliza atafanywa nini, na sauti yake ilitetemeka kama ya mtu anayeulizia bei ya jeneza. Selpher alimtazama shavu lililokonda. Akajua. Hakuhitaji koti refu wala pafu bovu.

"Nenda upike, watoto wana njaa," alimwambia kwa upole. "Ijumaa nitamaliza."

Siku iliyofuata hakwenda kuchuma. Alitoa kile kitabu kwenye leso, akaketi mlangoni penye mwanga, akasoma sura ya mwisho. Alikuwa ameisoma mara nyingi, na siku zote aliipenda kuliko miisho yote. Inspekta anamjua mwuaji, lakini mbele ya watu anasema hajui. Kisha wakiwa wawili tu anamwambia mama wa funguo kwamba polisi watafika asubuhi, anamwacha chumbani na kile kichupa cha sumu kilichobaki, anamwinamia kwa heshima, anafunga mlango taratibu. Asubuhi mama yule hayupo tena duniani. Selpher alikuwa ameiita hiyo huruma. Alikuwa akisema Inspekta ni bwana kweli kweli, kwamba amempa mwanamke yule heshima ambayo kamba isingempa.

Sasa aliisoma akimwona Alice chumbani mle, na akamchukia Inspekta kwa moyo wake wote. Mtu mzima na akili zake zote, anajua mwanamke ana uchungu wa kufiwa na mtoto, na analoweza kumfanyia ni kumfungia mlango! Hakumwuliza hata kama amekula. Wale wa video wamemwua mbele ya watu wapige makofi, huyu wa kitabu amemwua kwa adabu, na katika miisho yote miwili hakuna aliyekaa naye. Selpher alikiweka kitabu chini, akatoka nje akawatupia kuku mahindi, akarudi akakitazama tena. Aliogopa. Kama Ijumaa angekuwa mdomo tu, kama alivyojisifu miaka yote, angempelekea Alice kichupa kile kwa mkono wake mwenyewe. Na akikaa kimya, Barasa angeapishwa kwa jambo asilolifanya. Kwenda kumshika Alice na kumtaja kwa wazee hakutaka pia, kwa kuwa neno likitolewa na mwingine linakuwa mashtaka.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Lori likakwama chini ya kilima, watu wakaona taa zake zikiwaka na kuzimika, wakajua wana muda. Walijibana chini ya mabati ya kituo. Alice alikuwa nyuma kabisa, mgongo kwenye nguzo. Clifford alipanda juu ya mizani yake ili aone vizuri.

Selpher alisimulia akiwa amesimama, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Aliwarudisha sebuleni, watu wote wameketi, Inspekta katikati.

"Inspekta alijua," alisema. "Angeweza kunyoosha kidole. Hakunyoosha. Aliketi chini pamoja nao akasema: leo ni siku ya maneno. Mwenye neno alitoe hapa, mbele ya wote, nasi tutalibeba pamoja. Likitolewa na mdomo wa mwingine kesho, hata mimi sitaweza kulizuia. Halafu akanyamaza. Walikaa, walikaa, saa ya ukutani ikigonga. Mtoto wa Jaji akataka kuondoka, akaambiwa keti. Mwisho yule mama wa funguo akasimama. Akaziweka funguo mezani. Akasema, ni mimi."

Selpher akaendelea:

"Mtoto wa Jaji akaruka, anataka kamba. Lakini dada yake Jaji, mwanamke mzee, akamwuliza yule mama: kabla ya hayo, tuambie kwanza habari za msichana wako. Na yule mama akawaambia. Nyumba ile haikuwahi kuuliza hata siku moja, miaka yote alipowapikia chai. Wakasikia wote. Walilia, na hata mtoto wa Jaji akajua baba yake alikuwa mtu gani. Ndipo wakatuma watu kwa wazazi wa yule mama, waje waketi naye, asihukumiwe peke yake kama asiye na kwao. Akapewa adhabu, tena nzito. Alilipa mpaka akazeeka. Lakini alilipa akiwa hai, na alipokuwa akilipa alikuwa anakula na watu."

Mvua ilipiga mabati. Kisha Clifford, kutoka juu ya mizani, hakuweza kuvumilia.

"Senje, hiyo siyo! Hiyo haiko popote. Hawa Wazungu hawawezi kufanya hivyo. Umetunga!"

Macho yote yalimgeukia Selpher. Rosebella alisema polepole, kama mtu anayeomba akanushiwe, "Senje, wewe unasemanga huongezi chumvi."

Angeweza kudanganya, na wangemwamini yeye kuliko Clifford. Hakudanganya.

"Leo nimeongeza," alisema. "Ya kitabu iko nyumbani kwangu, na ni mbaya. Ya Clifford ni mbaya pia. Nimesoma vitabu vyangu miaka hii yote nikingoja mpelelezi mmoja afanye hivi, na hakuna aliyefanya. Basi nimefanya mimi. Mwenye kitabu akija, mwelekezeni nyumbani kwangu."

Walinung'unika. Wengine walivunjika moyo waziwazi, na mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba sasa hawezi kujua visa vya miaka yote vilikuwa vya kweli ama vya Senje. Lilimwuma. Jina lake la kusema jambo kama lilivyo ndilo pekee alilokuwa nalo, na alikuwa amelivunja mbele ya watu. Alipotazama nyuma kwenye nguzo, Alice hakuwapo tena.

Jumamosi kikao kilikaa uani kwa Phanuel. Wazee kwenye viti, akina mama kwenye majani, Barasa chini kabisa, peke yake, macho yamezama. Selpher aliketi kwenye kiti cha shangazi. Phanuel alizungumza kwa muda mrefu juu ya fahali wake. Alipomaliza, mzee wa ukoo alimwuliza Barasa kama ana neno.

"Sina mengi," Barasa alisema. "Nimekaa na Serikali kuliko nilivyokaa na watoto wangu. Alipokufa nilitaka na mimi nilie, lakini hamkunipa nafasi."

Mzee alikuwa anainuka alete kitu cha kuapishia wakati Alice aliposimama. Alisimama vibaya, kama mtu aliyesukumwa, akafunga leso yake upya kiunoni.

"Barasa hajui kitu," alisema. "Ni mimi."

Watu walidhani wamesikia vibaya. Akaendelea, sauti ndogo, lakini haikukatika. Alimpa Serikali maganda ya muhogo mchungu. Kwao Ekero huupanda pembeni mwa shamba kuzuia wezi, na yeye alikuwa na mashina machache nyuma ya jikoni. Alijua unamsumbua ng'ombe tumbo. Hakujua unaua. Alitaka fahali augue siku ya pambano, ashindwe, ili mume wake achoke naye amwuze, na mahindi yabaki ndani ya nyumba. "Watoto walikuwa wanalala njaa," alimwambia mumewe. "Nilikuambia, Baba Maurine. Ulisema Serikali ana pambano."

Phanuel aliruka na fimbo mkononi. Hapo ndipo Selpher alipokohoa.

Alikohoa mara moja tu. Phanuel akabaki amesimama, fimbo juu, kama amesahau ilikuwa ya nini.

"Keti, Phanuel," Selpher alisema. "Amelitoa hapa, mbele yetu. Kama hatulipokei hapa, tunataka alipeleke wapi?" Akaondoka kwenye kiti cha shangazi, akavuka ua, akaketi kwenye majani kando ya Alice, bega kwa bega. "Watu wake wako mbali. Mpaka wafike, mimi ndiye watu wake. Sasa pimeni."

Walipima mpaka jua likageuka. Halikuwa jambo jepesi, na hakuna aliyelifanya jepesi. Ukoo wa Alice ungepelekewa habari na kuleta mtamba. Alice angeomba msamaha kwa mumewe, na Phanuel, baada ya watoto wake kuulizwa mbele ya wote walikula nini na kujibu kwa ukweli wa watoto, angetoa ghala la mahindi mikononi mwa mkewe. Phanuel alilia tena, na safari hii hakuna aliyejua analia kwa ajili ya nani, labda hata yeye mwenyewe.

Alice akachinja ingokho, kuku mmoja wa pale nyumbani, akaipika, kama ilivyoamuliwa, na Barasa akaitwa ndani aketi mezani. Katika nyumba zile firigisi ni ya mwenye nyumba, haiguswi na mwingine hata kwa bahati mbaya, na mtoto akiila husimuliwa mpaka aoe. Phanuel aliiokota kutoka kwenye bakuli. Hakuwa mtu wa kusema samahani, wala hakusema. Alinyoosha mkono akaiweka kwenye sahani ya Barasa. Barasa aliitazama kwa muda, kisha akala, na kwa mara ya kwanza tangu Serikali afe machozi yake yakatoka.

Lori liliendelea kuchelewa, na watu, pamoja na manung'uniko yao yote, walirudi kumzunguka Selpher. Kilichobadilika ni kwamba alipokaribia mwisho wa kitabu chochote walimwuliza kwanza: leo ni wa kitabu ama ni wa Senje? Naye akawaambia ukweli, upi ni upi, na wakachagua. Mara nyingi walitaka wote wawili, wapate kubishana. Clifford akaongeza wa video, akiupata.

Chai ilipochipua tena baada ya kiangazi, siku moja wakiwa wametangulia wengine kituoni, Alice alimwomba Selpher amsomee ule wa kitabu, wa mama wa funguo, kama ulivyoandikwa. Selpher alisita. Kisha akafungua kitabu, akasoma mstari kwa mstari, akiutafsiri, bila kuongeza chochote: Inspekta, kichupa, kuinama kwa heshima, mlango unaofungwa taratibu, asubuhi.

Alice alisikiliza mikono imekaa juu ya kikapu.

"Hakuna aliyegonga huo mlango?" aliuliza.

"Hakuna."

"Hata mpishi? Si walikuwa wanakaa jiko moja?"

"Hata mpishi."

Alice alitikisa kichwa kwa muda mrefu, na Selpher akaona kwamba alikuwa anamlilia kweli yule mwanamke wa mbali ambaye hakuwahi kuishi popote.

"Maskini wa Mungu," alisema. "Kumbe hakuwa na wifi."